Kabro mpya juu, choo charudisha chini: bomba la maji taka la mtaa wetu, nani ataling'oa?

MtaaWaKati (mwanzisha uzi)

Salaam wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka na apite.

Mtaa wetu uko hapa kisiwani Mombasa. Siutaji, na kontrakta simtaji wala ofisi iliyompa kazi, sitaki barua ya wakili mlangoni. Wanaoujua watautambua kwa harufu.

Barabara yetu ilikuwa mbovu tangu enzi za manispaa, kabla ya kaunti kuja 2013. Mashimo, vumbi, na mvua ikinyesha ni dimbwi moja kutoka msikitini mpaka kwa kinyozi. Tukaenda vikao vya bajeti, tukaandika majina, tukaambiwa mwaka ujao, tukaenda tena. Mwishowe kazi ikaja: kwanza bomba jipya la maji taka katikati ya njia, kisha kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika njia, juu yake, mtaro wa maji ya mvua pembeni, na taa. Kwa kabro sina neno. Zimetandikwa zikanyooka, watoto wacheza mpira mpaka usiku.

Shida ni kilicho chini yake. Tangu nyumba zilipounganishwa na bomba jipya, vyoo vya nyumba za kati vyarudisha. Wa juu hawana shida, wa chini hawana shida, sisi wa kati ndio tunaotaabika. Ukimwaga ndoo chooni maji yapanda kwanza, yasimama pale yakikutazama, ndipo yashuke kwa kujivuta. Masika yalipoanza, manholi (shimo la kukagulia bomba) iliyo mbele ya duka ikausukuma mfuniko wake yenyewe, na vyote vilivyokuwa ndani vikatembea juu ya kabro. Tena barabara imepandishwa. Zamani ulikuwa ukishuka vidato viwili kutoka barazani hadi njiani, sasa njia iko sawa na baraza, na kwa wengine iko juu ya kizingiti. Kwa hivyo uchafu hauna pa kwenda ila ndani ya nyumba.

Tumezunguka maofisi. Wa kwanza wakasema bomba si lao, wao ni barabara. Wa bomba wakasema hawajakabidhiwa, waulizwe wa mradi. Wa mradi wakasema kazi imeisha na imefunguliwa rasmi, tuzungumze na kontrakta. Kontrakta simu yake yaita mpaka yakatika.

Nataka kujua mambo mawili kwa wenye ujuzi. Bomba laweza kurekebishwa bila kuharibu barabara nzima? Na pa kushika ni wapi, maana kila tukishika mkia twaambiwa kichwa kiko kwingine.

NgamboLikoni

Hongereni. Sisi huku hata bomba la kurudisha hatuna, ni shimo tu na ekzosta, lile lori la kunyonya choo. Nasoma huku naona wivu.

Msafi

Yakhe MtaaWaKati, kabla kontrakta hajapigwa mawe, fungueni manholi mtuambie mumekuta nini. Mimi nimezibua mabomba mjini hapa miaka mingi. Nimetoa pampasi, matambara, mifupa ya papa, vijiko, siku moja mfuniko mzima wa sufuria. Na nyinyi wenye biashara ya viazi karai na bajia, mafuta yote yale ya jioni mwayamwaga wapi? Yakipoa huganda kwenye ukuta wa bomba. Watu wa kisiwani tumezoea mashimo yaliyochimbwa kwenye mwamba. Shimo hupokea kila kitu na halilalamiki. Bomba la inchi sita ni mambo mengine.

MtaaWaKati

Ami Msafi, umesema kweli, pampasi tulizikuta. Vijana wakazibua kwa fito, tukawapa chai, maji yakaenda. Hayakukaa sana, yakarudi palepale. Manholi ni ileile kila mara, ya mbele ya duka. Iliyo juu yake yaenda vizuri, inayofuata chini yake yaenda vizuri. Kama ni pampasi, mbona zachagua?

BiMbaazi

Wanangu, mimi ndiye wa barazani pale karibu na hiyo manholi. Nauza mbaazi na mahamri asubuhi. Mtu hataki kula mbaazi za nazi huku yuaruka maji ya choo, na simlaumu. Nimehamisha meza kwa dada yangu njia ya pili. Wateja wengine wamenifuata, wengine wamepotea.

Lakini la mbaazi dogo. Kubwa ni kisima. Kisima cha msikiti kiko karibu sana na hapo, na maji ya mfereji yakikatika nyumba zote huchota pale. Mfereji wa Mombasa mwaujua wenyewe, leo wako, kesho hauna habari nawe. Sasa maji ya kisima yamebadilika harufu. Imamu amefunga pampu mpaka yapimwe, watu watawadha kwa madumu ya kununua. Na wako wenye watoto wadogo hawana pesa ya madumu, usiku huja na kamba na ndoo wakachota hivyohivyo. Nimewaona. Nimewasema, wakaniuliza, sasa bibi tunywe nini?

Mwaka huu ofisi zote zijibizane, lakini hilo la kisima haliwezi kungoja.

KijanaWaTuktuk

Hapo baina ya duka na mwarobaini kabro zimebonyea. Ukipita na abiria nyuma agonga kichwa, kisha akulaumu wewe. Kabro hazijamaliza hata kupata rangi ya uchafu na tayari zina bonde.

Na tusiambiwe pesa hakuna. Tozo ya barabara kwenye mafuta ilipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kila nikijaza nalipa. Halafu tukasikia magavana na wabunge walivutana mpaka mahakamani kuhusu bilioni 10.5 za hiyohiyo tozo, nani azishike. Wao walivutana, mimi nabadilisha bushi za tuktuk.

FundiLevo

Hiyo habari ya kijana wa tuktuk ndiyo niliyokuwa naingoja. Kabro zikibonyea juu ya mstari wa bomba, mtaro ulifukiwa ovyo. Udongo hurudishwa tabaka kwa tabaka, kiasi cha sentimita 15, washindilia, wamwagia maji kidogo, washindilia tena. Ukiumwaga wote kwa tipa mara moja ukapitisha mashine juu, juu patakuwa pagumu na chini pamelegea. Mvua moja ya masika, pashuka.

Lakini kubonyea kwa juu hakurudishi choo. Manholi moja kujaa huku ya juu na ya chini ziko sawa, hilo ni jambo la mteremko. Ama bomba lina tumbo, yaani limelegea katikati likafanya bonde, ama limelazwa likipanda pale lilipotakiwa kushuka. Maji taka hayana injini. Yaenda kwa kuteremka tu.

Mimi naishi mtaa wa jirani. Mwenye uzi akitaka nitakuja na mpira wangu wa levo, wa kulinganishia kimo, tupime. Sitaki malipo, nataka kujua.

NahodhaMstaafu

Swali kabla hamjapima. Je, huzidi wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana? Kilindini maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu baina ya kupwa na kujaa. Mabomba ya chini karibu na pwani huingiwa na maji ya chumvi kwenye viungio vibovu, mkaona mwajaa bila mvua.

MtaaWaKati

Nimeuliza nyumba kwa nyumba, ami. Hakuna tofauti, bamvua au maji mafu ni yaleyale. Huzidi asubuhi watu wakioga, na mvua ikinyesha. FundiLevo, karibu sana. Njoo hata kesho.

Msafi

Mvua ikinyesha huzidi? Basi niulize tena. Maji ya mapaa yenu yaenda wapi? Najua mtindo wa kisiwani, mtu akiona manholi mpya karibu na ukuta wake huingiza bomba la paa humo usiku akalala amestarehe. Bomba la maji taka halikutengenezwa kubeba mvua ya Mei. Paa moja la mabati kwenye mvua nzito humwaga maji mengi kuliko vyoo vya nyumba ishirini.

MzeeWaRamani

Nimestaafu, nilifanya kazi za mabomba na barabara Pwani miaka mingi, kwa hivyo nitasema kidogo kuhusu pa kushika.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka barabara za kaunti, maji ya mvua mijini, na huduma za maji na usafi upande wa kaunti. Barabara kuu, kama hiyo ya kwenda Nairobi, ni za KeNHA, na zile za mjini zilizobaki mikononi mwa serikali ya kitaifa ni za KURA, mashirika yaliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Njia ya mtaani yenye kinyozi na muuza mbaazi kwa kawaida ni ya kaunti. Mabomba makubwa ya maji taka mara nyingi hujengwa na wakala wa maji wa serikali ya kitaifa, kisha hukabidhiwa kampuni ya maji ya kaunti iyaendeshe. Ndiyo sababu mwazungushwa: mtu mmoja amejenga, mwingine ataendesha, wa tatu ametandika juu. Asiyekabidhiwa hukataa, naye ana haki ya kukataa. Mimi ningekuwa yeye ningekataa vilevile bomba ambalo halijapimwa.

Na hapo ndipo pa kushika. Bomba la maji taka hupimwa kabla ya kufukiwa. Levo kila manholi, kisha waziba mwisho mmoja na kulijaza maji uone kama kiungio chavuja, na tochi na kioo uone kama limenyooka. Mkaguzi hutia saini karatasi. Bila karatasi hiyo hakuna mchanga kurudi shimoni, na bila mchanga kurudi hakuna kabro. Kwa hivyo swali la kuuliza ofisi yoyote ile ni moja: karatasi ya kipimo iko wapi na nani aliitia saini? Msiulize kwa mdomo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa ofisa siku 21 kujibu ombi la maandishi, na penye hatari kwa uhai wa mtu saa 48. Habari ya kisima aliyoisema BiMbaazi iandikeni mstari wa kwanza.

La mwisho. Kazi kufunguliwa kwa utepe haimaanishi imekwisha. Kila mkataba wa aina hii una kipindi cha dhamana ya kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12, na sehemu ya malipo ya kontrakta huzuiliwa mpaka kipite. Ndani ya kipindi hicho hurekebisha kwa pesa zake. Kikipita bila malalamiko ya maandishi, pesa zatoka, na nyinyi mwaanza foleni ya bajeti upya. Kelele za barazani hazihesabiki.

GhorofaYaPili

Samahanini wazee, mimi napinga. Nimeishi mtaa huo tangu nizaliwe. Tumekula vumbi, mama yangu alivunjika mguu kwenye lile shimo la kinyozi, na leo kwa mara ya kwanza naweza kumsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka hospitali bila kuinamishwa upande. Mkisema barabara ing'olewe, itang'olewa. Kurudishwa je? Nionyesheni mtaa mmoja waliochimba wakarudisha ilivyokuwa. Watachimba, watapiga picha, watasema pesa zimeisha, tutabaki na mtaro wazi katikati ya njia na mvua za vuli juu yetu. Bora ekzosta ije kila wiki inyonye hiyo manholi.

BiMbaazi

Mwanangu, mama yako ni shoga yangu na mguu wake naujua. Lakini ekzosta atalipa nani? Kila wiki? Wewe wa ghorofani harufu hukufikia imechoka, sisi wa chini twalala nayo.

KijanaWaTuktuk

GhorofaYaPili ana hoja lakini. Kuna njia huko bara walichimba kuweka bomba la maji safi, lami waliikata kwa msumeno vizuri kabisa, wakajaza maramu, wakaenda. Mpaka leo ni tuta kinyumenyume.

FundiLevo

Ile ilikuwa lami. Lami ukiikata kiraka chabaki milele. Kabro waweza kuziinua moja moja, ukazipanga pembeni, ukachimba, ukafukia, ukatandika mchanga, ukazirudisha zilezile. Ndiyo faida yake. Kitu cha kuogopa ni kushindilia, si kabro.

Sasa vipimo. Nimekuja leo baada ya alasiri, tukawa na mwenye uzi na vijana wawili. Mpira wa wazi uliojaa maji, futi, uzi, ubao mnyoofu na chaki. Maji ndani ya mpira hukaa kimo kimoja mwisho huu na mwisho ule, haijalishi mtaa umepinda vipi. Tukauvuta kutoka manholi hadi manholi, tukachora alama ya chaki kwenye kuta, zote kimo kimoja, kisha kutoka kimo hicho tukapima kwenda chini mpaka sakafu ya bomba. Hakuna aliyeingia ndani, na msiingie. Gesi ya mle humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Tulipima kwa ubao kutoka juu.

Manholi ya kwanza, ya msikitini: sentimita 160. Ya pili, ya mbele ya duka: 185. Baina yao ni mita 30, kwa hivyo pameshuka sentimita 25, yaani 1 kwa 120, sentimita moja kwa kila sentimita 120 za urefu. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema inchi sita ipe 1 kwa 60 ulale usingizi, lakini kwa 1 kwa 120 maji huenda. Ya tatu, kwenye mwarobaini: 179.

Someni tena. 185, kisha 179. Bomba limepanda sentimita 6 likielekea chini ya mtaa.

Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwambia kijana ashike futi yeye, nikatoa mapovu kwenye mpira, tukarudia. 179 ileile. Kipenyo cha bomba ni sentimita 15, basi pale mbele ya duka lazima lijae karibu nusu ndipo tone la kwanza livuke kwenda mwarobaini. Maji hayo hulala hapo usiku na mchana. Kizito hutua, mafuta ya viazi huelea, na pampasi ya kwanza ikifika hukuta kitanda kimeshatandikwa. Ami Msafi, pampasi ni kosa la watu na wakome, lakini kwenye mteremko ingepita ikaenda zake.

Tukajaribu na kioo. Kijana akashika tochi manholi ya tatu, nikateremsha kioo cha kunyolea ya pili, kimefungwa kwenye fito kwa pembe. Bomba lililonyooka hukuonyesha duara zima la mwanga. Nilichoona ni maji meusi na kipande chembamba cha mwanga juu yake, nacho kimepinda kuelekea kulia. Kwa hivyo lapanda na tena lapinda.

Habari njema ni manholi ya nne. Hapo ni 230. Kutoka ya pili hadi ya nne ni mita 58, na kushuka kunakopatikana ni sentimita 45, yaani 1 kwa 129. Yatosha. Ya tatu ishushwe iwe kama 207 na bomba lilazwe upya pande zake mbili. Msikitini hakuguswi, na chini ya manholi ya nne hakuguswi. GhorofaYaPili, hizo ni mita 58, na mlango wenu hauko humo.

NgamboLikoni

Kipande kile cha tatu hadi nne chateremka sentimita 51. Hawa walijua! Walipanda hapa, wakaona wamechelewa, wakateremka kwa kasi kule mbele kufidia.

FundiLevo

Umeliona. Asiyejua levo hufanya makosa yaliyotawanyika. Huyu alijua anakotakiwa kufika.

BiMbaazi

Baina ya duka na mwarobaini ndipo ilipokuwa kompresa, ile mashine ya kuvunjia mawe. Nakumbuka kwa sababu vumbi lake liliingia kwenye tui langu nikamwaga chungu kizima. Ililia asubuhi moja, ikanyamaza, wakasema imeharibika, ikavutwa na lori. Kesho yake hakuna kompresa, na kufikia adhuhuri walikuwa washafukia. Nikasema mashaallah, kazi za siku hizi zaenda mbio.

MzeeWaRamani

Bi, hayo maneno yako yaandikwe, pamoja na tui.

Jamani, sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mahali pengine ni laini walikata kwa sururu, mahali pengine ni gumu lavunja meno ya kompresa. Ndiyo sababu hapa Mombasa kila kazi ya kuchimba huandikwa mara mbili kwenye orodha ya vipimo na bei, ile wenyewe waiita BQ: mstari wa kuchimba udongo, na mstari wa kuchimba mwamba, ambao bei yake ni ya mbali kabisa. Mwamba ukitokea hupimwa, hutiwa saini na mkaguzi, na hulipwa kwa mita za ujazo.

Sasa kuna mambo mawili yanayowezekana. Pengine mwamba haukulipwa, kontrakta akaona atapata hasara, akapandisha bomba juu yake na mkaguzi akatazama kando. Hilo ni kosa, na dhamana ya kasoro yalishughulikia. Lakini kama mwamba ULILIPWA baina ya manholi ya pili na ya tatu, na bomba limekaa juu yake, basi kuna jiwe lililolipiwa kuvunjwa ambalo bado liko pale chini. Hiyo si kasoro ya fundi tena, na mlango wake si wa idara ya barabara.

Ombeni ukurasa huo wa BQ na karatasi za vipimo vilivyotumika kulipa. Msimtuhumu mtu yeyote kwenye barua. Ombeni karatasi tu.

Na hilo jiwe ndilo linalonitisha kwa kisima. Matumbawe yana matundu. Kiungio kikivuja juu ya mwamba wa aina hiyo maji hayachujwi na udongo, yafuata ufa yakatokea yatakako. Ofisa wa afya ya umma aitwe achukue sampuli, kando na habari ya barabara. Huyo hahitaji kungoja BQ.

Msafi

Nimesoma vipimo. FundiLevo, heshima yako. Mimi naondoa ya pampasi nusu, nusu nabaki nayo. Lakini ya mapaa sikuondoa. Wakija wenye ofisi, kitu cha kwanza watakachopiga picha ni bomba la paa lililoingia manholi, na mchezo utakuwa umeishia hapo. Watasema wananchi ndio waliojaza.

MtaaWaKati

Ami, tumezunguka tukakuta matano. Moja ni la nyumba ya mjomba wangu mwenyewe, na alinitazama vibaya nilipomwambia. Manne yashageuzwa kwenda kwenye mtaro wa mvua. La tano mwenyewe yuko Maskat, kaka yake amesema atalitoa Jumamosi.

Mtaro wenyewe nao, niseme tu, umezibwa mdomo na mchanga wa ujenzi waliouacha. Vijana watauzoa.

Barua tumeiandika. Mstari wa kwanza ni kisima, kama ulivyosema mzee wangu. Kisha vipimo vinne vya FundiLevo na picha ya kioo. Kisha tunaomba vitu vitatu: mchoro wa bomba lilivyolazwa kweli, karatasi ya kipimo yenye saini, na ukurasa wa mwamba. Mwisho tunaomba kipande cha mita 58 kilazwe upya ndani ya kipindi cha dhamana, na pesa zilizozuiliwa zisitoke kabla. Nakala yaenda kwa mwakilishi wa wadi, kwa kampuni ya maji, na kwa ofisa wa afya.

GhorofaYaPili

Nitatia saini kwa sharti. Iandikwe kwamba mabomba, mchanga na kokoto vifike mtaani kwanza, tuvione vimepangwa, ndipo kabro ya kwanza iinuliwe. Na wachimbe manholi hadi manholi, wamalize kipande kimoja wafunge, ndipo wafungue kingine. Wasifungue mita zote 58 pamoja. Na pawekwe mbao za kupitia, mama yangu ana kliniki kila mwezi.

FundiLevo

Sharti zuri, ningeliweka hata mimi. Ongezeni na hili: kabla ya kufukia, wakazi waitwe waone tochi. Duara zima au hakuna mchanga.

KijanaWaTuktuk

Saini zangu na za vijana wa steji ziko tayari. Nyumba hatuna lakini njia ni yetu.

MtaaWaKati

Nimeongeza yote mawili. Barua iko dukani, wenye nyumba na wapangaji wote waje, kila mtu aandike na nambari ya nyumba. Jumatatu asubuhi twaipeleka.

MzeeWaRamani

Pelekeni nakala mbili. Moja waichukue, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, murudi nayo. Karani akisema muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko mkutanoni, kaeni pale kwenye benchi mpaka arudi. Siku 21 huanza kuhesabiwa hapo kwenye muhuri.

BiMbaazi

Mimi nitakwenda kukaa. Nitabeba na mahamri.